Macho ya Ng'ombe wa Mwisho

Hakuwa na shahada. Hakuwa na ofisi, wala meza, wala kiti ambacho mtu mwingine akikikuta kitupu angesita kukikalia. Hakuwa na koti jeupe. Lake lilikuwa la kijivu, na mfuko wa kushoto ulikuwa umeshonwa mara tatu. Hakuwa na goti la kulia, maana alilobaki nalo lilikuwa goti kwa jina tu. Hakuwa na ufunguo wa chumba cha mashine. Hakuwa na mtoto aliyekaa karibu. Wote wawili walikuwa na nyumba zao mbali, na sauti zao aliziona kuwa za simu zaidi kuliko za watu. Na katika miaka thelathini na moja ya kubeba macho ya ng'ombe kutoka machinjioni hadi maabara, hakuwahi hata mara moja kuliona jina lake limepigwa chapa mahali popote.

Alichokuwa nacho ni boksi la barafu, kitabu cha mapokezi, na mwandiko.

Kwa sababu ya boksi, wakubwa kwa wadogo walimwita Mzee Barafu. Kwa sababu ya mwandiko, waliomtania walikuwa na mpaka wao. Aliupata mwandiko ule shule ya jioni, akiwa na miaka arobaini na mitatu, akikaa dawati moja na watu waliokuwa na umri wa wanawe, na tangu hapo hakuandika herufi hata moja kwa haraka. Kitabu cha mapokezi kilikuwa na safu tano: tarehe, saa, idadi ya macho, nafasi ya mnyama kwenye foleni, sahihi. Kila siku ya kazi alizijaza zote, kwa wino mweusi, rula ikiwa chini ya mstari.

Safu ya nne ilikuwa na historia yake. Mama mkali aliyeianzisha maabara ile, ambaye sasa alikuwa marehemu, alimwambia siku ya kwanza: "Chukua macho ya ng'ombe watatu wa kwanza. Ukiwakosa hao, rudi mikono mitupu, nitakusamehe. Ukiniletea ya wa mwisho, sitakusamehe." Hakumweleza kwa nini, na zama zile mtu hakuuliza. Mzee Barafu aliandika "wa kwanza" siku ile, akaandika kesho yake, na miaka ikaja ikapita, wakuu wa maabara wakaja wakapita, na neno lile likabaki palepale kwenye safu ya nne kama msumari ukutani ambao hakuna tena anayejua ulitundikiwa nini.

Maabara ilichunguza ugonjwa wa presha ya macho. Na mungu akitaka kumfanyia mtu mzaha hamfuati mbali: mke wa Mzee Barafu aliugua ugonjwa huohuo.

Jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kufa. La kushoto lilibaki na uwazi mdogo katikati, kama mtu anayechungulia chumba kupitia tundu la ufunguo. Daktari wa kliniki alimpa dawa mbili za matone. Tone la kwanza saa kumi na mbili kamili asubuhi; kisha subiri dakika kumi kwa saa ya ukutani; kisha tone la pili; kisha bonyeza pembe ya jicho dakika mbili ili dawa isikimbilie puani. Mkono wake ulitetemeka, na jicho lenyewe halikuona chupa ilipo. Basi mume akawa ndiye mtia matone.

"Unaniwekea dawa au unanilenga?" mkewe alimwuliza asubuhi moja, kichwa kimeegemea ukuta.

"Tulia, mama. Mkono wangu haujawahi kukosa."

"Haujawahi kukosa shavu langu. Nina shavu moja halitapata presha mpaka nife."

Walicheka. Lakini matone yale yalimchelewesha Mzee Barafu dakika arobaini, na foleni ya machinjioni haimsubiri mtu. Alipofika, watatu wa kwanza walikuwa wameshakwenda, na vichwa vyao vimepakiwa kwenye gari la mfanyabiashara. Siku ya kwanza ya kuchelewa alisimama getini na boksi lake, akifikiria kurudi mikono mitupu. Akaona aibu. Akachukua macho ya watatu wa mwisho. Macho ni macho, alijiambia. Ng'ombe ni walewale, machinjio ni yaleyale, barafu ni ileile. Alipofika maabara akafungua kitabu, na mkono wake, ule usiowahi kukosa, ukaandika "wa kwanza".

Hakuwa amekusudia kudanganya. Aliandika kama mtu anavyosema "salama" akiwa na homa. Lakini hakurudi kusahihisha, na kesho yake akaandika tena, na miezi ikawa saba.

Kitu kimoja tu kilimsumbua katika miezi hiyo, naye hakumwambia mtu. Zamani alipofungua boksi, macho yalikuwa na mboni nyembamba, zimelala kimlalo, kama macho ya mtu anayesinzia. Sasa yalikuwa na mboni pana, nyeusi, zimefunguka mpaka ukingoni. Yalimtazama kutoka kwenye barafu. Akazoea kufunika boksi kwa kitambaa kabla ya kifuniko, na alipoulizwa kitambaa cha nini, alisema ni cha kuzuia maji.

*

Jumatatu ile Profesa aliwaita wafanyakazi wote kwenye chumba cha mikutano, hata wafagizi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kidogo, mpole, mwenye adabu. Alikuwa akimwita Mzee Barafu "mzee wangu" na kumaanisha hivyo. Siku ile uso wake uling'aa.

"Nataka kila mtu aelewe tulichofanya," alisema, "kwa hiyo sitasema kitaalamu. Jicho ni chumba chenye maji. Kuna tishu inayotengeneza maji, na kuna chujio linaloyatoa. Chujio likikaza, maji yanajaa, presha inapanda, na neva ya nyuma ya jicho inabanwa mpaka inakufa. Neva ikifa haifufuki. Sasa, jicho lenyewe linajisaidia. Linatengeneza hewa iitwayo nitriki oksidi. Inaishi sekunde chache tu, lakini katika sekunde hizo inalegeza chujio, na maji yanatoka."

Akachora kwenye ubao mlango mdogo.

"Mwili pia una adrenalini, ile inayomwagika mtu akishtuka. Adrenalini ina milango yake kwenye tishu za jicho. Tumeona kwamba ikibisha kwenye milango hii na kufunguliwa, nitriki oksidi inapungua. Dawa yetu inaifunga milango. Adrenalini inabisha, haifunguliwi. Na hewa inaongezeka maradufu. Mmeziona trei wenyewe."

Kweli, walikuwa wameziona. Nitriki oksidi yenyewe haionekani, lakini inaacha masalio kwenye maji, na ukidondoshea dawa ya kupimia, maji yanageuka rangi ya waridi. Hewa nyingi, waridi iliyokolea. Hewa kidogo, rangi iliyopauka. Kwa miezi saba visima vidogo vya trei visivyotiwa dawa vilikuwa vimepauka kama maji ya kuoshea mchele, na vilivyotiwa dawa vilikuwa vimekolea. Mtu hakuhitaji shahada kuona.

"Jumatatu ijayo tunaanza na wagonjwa," Profesa alisema. "Watu arobaini. Wataacha matone yao ya zamani, kisha watapata yetu kwa wiki kumi na mbili. Na mzee wangu," akamgeukia Mzee Barafu aliyesimama karibu na mlango, "mama yupo kwenye orodha. Namba kumi na saba. Tena makala ikitoka, jina lako litakuwa kwenye shukrani. Limeshachapwa. Bila macho yako tusingefika."

Watu walipiga makofi. Dada Pipeti, fundi wa maabara, binti mwembamba aliyepewa jina hilo kwa sababu hata kalamu aliishika kama pipeti, ule mrija wa kudondoshea dawa, alimpiga bega. "Mzee, utatusahau sasa. Utatutaka tukuite mheshimiwa."

"Niiteni hivyohivyo," alisema, "ila msimame kwanza." Wakacheka.

Alikwenda nyumbani siku ile akitembea kama goti lake si lake. Jina lake, limechapwa. Alimwambia mkewe, na mkewe akamtaka alitamke tena, majina yote matatu, kama lingesomwa redioni. Kisha mama yule akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi nitaacha hizi zinazoniunguza. Jumatatu." Akashika mkono wa mumewe juu ya meza, akikosea mara ya kwanza, akiupata mara ya pili.

Jambo likamjia Mzee Barafu akiwa ananawa mikono. Halikuja kama wazo. Lilikuja kama ubaridi kwenye shingo. *Adrenalini ni ile inayomwagika mtu akishtuka.* Mtu tu? Akaziona zile mboni pana kwenye barafu.

*

Siku iliyofuata alimkuta Dada Pipeti akiosha vioo.

"Mwanangu, hebu nikumbushe. Zile trei zilizotupwa zilikuwa za lini?"

"Zipi? Zile za waridi tupu?" Binti alikausha mikono. "Siku tatu mfululizo, mwezi wa tatu. Kila kisima kilikolea, chenye dawa na kisicho na dawa. Dawa haikuonyesha tofauti yoyote. Profesa alisema vyombo viliingia uchafu, tukazifuta. Mbona unauliza?"

"Naweka kumbukumbu zangu sawa."

Alifungua kitabu cha mapokezi. Mwezi wa tatu, siku tatu mfululizo. Safu ya pili iliandika saa aliyochukua macho, na saa hakuwahi kuiandika kwa mazoea, maana aliisoma. Siku zile tatu ilikuwa saa kumi na mbili na robo. Siku nyingine zote ilikuwa saa moja na dakika kadhaa. Siku zile tatu shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa amekuja kuwatembelea, akajitolea kumtia dada yake matone, na yeye Mzee Barafu akawahi foleni.

Kwa miezi saba kitabu kilisema "wa kwanza" siku mia moja na kumi na mbili. Siku tatu tu kilisema kweli. Na siku hizo tatu ndizo zilizotupwa.

Mtu mwingine angefunga kitabu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini pia hakuna anayemlazimisha kutazama. Mzee Barafu alikaa juu ya boksi lake kwa muda mrefu, mikono magotini. Kisha akaenda kutafuta boksi la pili.

Alfajiri ya Jumatano shemeji yake, aliyeitwa tena kwa simu, alikuwa amefika. Mzee Barafu alifika machinjioni kabla ya gari la kwanza. Mchinjaji wa zamu ya mwanzo alikuwa mzee mwenzake, aliyeitwa Bubu, si kwa kuwa hawezi kusema bali kwa kuwa aliona hakuna haja. Bubu aliwatoa ng'ombe wa kwanza mmoja mmoja, kiganja chake kikiwa mgongoni mwa mnyama, wakitembea kama watu wanaotoka kulala. Sakafu ilikuwa imeoshwa. Hakukuwa na harufu yoyote isipokuwa ya maji na majani. Mnyama alisimama, akapumua, na ikawa imekwisha kabla ya kujua imeanza.

Mzee Barafu alitoa macho ya watatu wa kwanza, akafunga mfuko kwa uzi mwekundu. Mboni zilikuwa nyembamba.

"Siku hizi unapenda wale wa kelele," Bubu alisema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kwake mwaka ule.

"Nilikuwa nachelewa."

Bubu alifuta kisu.

Akasubiri foleni iishe. Hakuwahi kukaa pale tangu mwanzo hadi mwisho, na sasa alielewa kwamba miezi hii saba alikuwa akifika wakati jambo limekwisha kuharibika na kulidhani ndilo lilivyo. Baada ya mnyama wa kumi, sakafu ilikuwa nyekundu na utelezi. Zamu ya pili ilikuwa ya vijana wenye haraka. Geti la chuma liligongwa kila aliposukumwa mmoja, na kila mshindo wa geti uliwafikia waliobaki zizini, na wakarudi nyuma, wakipandana. Walisikia harufu. Ng'ombe wa mwisho alikuwa jike mweusi. Alisimama peke yake katika zizi tupu, miguu ikitetemeka, weupe wa jicho umezunguka weusi pande zote, na hakutoa sauti. Aliwaona wenzake wote wakiingia mlango mmoja. Alikuwa amesubiri saa moja na nusu akijua.

Mzee Barafu alifunga mfuko wa pili kwa uzi mweusi. Mkono wake, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja, ulikosa fundo.

"Leo kuna mizigo miwili," alimwambia Dada Pipeti alipofika maabara. "Ipime yote, kila mmoja na trei yake. Usinichanganyie nyuzi."

Binti alizipasua tishu, akazikata vipande vidogo, akaviosha mara tatu katika maji ya chumvi kama kawaida. Mzee Barafu alimtazama akiosha. Zile za uzi mweusi zilioshwa sawasawa na zile za uzi mwekundu, maji yaleyale, dakika zilezile. Lakini hofu haikutoka kwa maji ya chumvi.

Saa tisa alasiri alimwita. Trei mbili zilikuwa juu ya meza, chini ya taa. Ya uzi mweusi ilikuwa ileile ya miezi saba: nusu imepauka, nusu imekolea. Ya uzi mwekundu ilikuwa ya waridi kutoka kona hadi kona. Yenye dawa, isiyo na dawa, hapakuwa na tofauti. Dawa haikuwa imeongeza kitu.

Dada Pipeti alitazama trei, akamtazama mzee, akatazama nyuzi. Hakuwa mjinga.

"Hawa wekundu ni wepi?"

"Wa kwanza."

"Na wengine?"

"Wa mwisho. Kama wale wote wa miezi saba."

Friji lilikuwa likinguruma pembeni. Binti alivua glavu, kidole kimoja kimoja. Tasnifu yake ya udaktari ilikuwa imejengwa juu ya zile trei, naye alikuwa amebakiza sura ya mwisho.

"Mzee," alisema bila kumtazama, "mimi leo nilitoka mapema. Sijaona."

*

Profesa alimsikiliza mpaka mwisho. Hilo lazima lisemwe; hakumkatiza. Alhamisi asubuhi, ofisini, mlango ukiwa umefungwa, alimsikiliza akiwa ameshika kikombe ambacho hakunywa.

"Mzee wangu, siku moja ya kupima si utafiti."

"Siku nne, Profesa, pamoja na zile tatu ulizozitupa."

"Zile zilikuwa na uchafu."

"Hazikuwa na uchafu. Zilikuwa na utulivu."

Profesa akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayejifunga mkanda. "Wewe unajua macho kuliko sisi sote. Lakini hili ni suala la vipokezi. Dawa inafunga milango ya adrenalini. Hilo halibadiliki."

"Nakubali. Inafunga milango," alisema Mzee Barafu. "Nilichokuja kuuliza ni hiki. Mlango usiobishwa na mtu, ukiufunga, umepata nini? Wale wa mwisho walikuwa wamejaa hofu. Hofu ndiyo iliyopunguza hewa yao. Dawa ikaiondoa hofu, hewa ikarudi pale ilipokuwa. Hatukuongeza kitu. Tulimrudisha ng'ombe malishoni tu. Mgonjwa akija hapa, amekaa kwenye kiti, ametulia, dawa itamwondolea nini?"

Kikombe kiliwekwa juu ya meza.

"Wageni watakaoshuhudia majaribio wanafika Jumapili. Matone yameshafungashwa. Baada ya wiki kumi na mbili tutaona wenyewe kama inafanya kazi. Ndiyo maana ya majaribio."

"Na wiki kumi na mbili bila dawa ya zamani? Neva haifufuki, Profesa. Ulisema mwenyewe."

Profesa aliinuka, akafungua mlango kwa adabu. "Kitabu cha mapokezi kinasema wa kwanza," alisema polepole. "Siku zote. Mwandiko wako, sahihi yako. Ukisema sasa kwamba ulikuwa unaandika uongo, nani ataaminiwa, mzee wa leo au mzee wa jana? Fikiria. Na fikiria mama, namba yake niliipigania."

Haikuwa sauti ya kutisha. Hilo ndilo lililomtisha.

Alikwenda nyumbani mapema. Mkewe alikuwa amekaa dirishani, kichwa amekigeuza pembeni kidogo, kama wafanyavyo watu wa ugonjwa ule, ili kuipata barabara kupitia kile kitundu. Alimweleza yote: foleni, nyuzi, trei, kitabu. Hakujipamba. Alipomaliza, mama yule alifuata pindo la kitambaa cha meza kwa vidole.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, "jicho langu ndilo lililochelewesha macho ya ng'ombe."

"Mimi ndiye niliyeandika uongo, mama."

"Sijasema hapana. Nyamaza basi nikulaumu vizuri." Akapumua. "Mimi naweza kukataa. Jumatatu nakaa nyumbani, naendelea na haya yanayoniunguza, unaendelea kunipiga shavu. Lakini hao thelathini na tisa, nani anawatia matone?"

"Hawajui."

"Basi hilo ndilo swali. Usinitafute mimi kwenye hilo." Kisha akauliza, "Jina lako watalitoa?"

"Watalitoa."

"Na kazi?"

"Na kazi."

Alinyoosha mkono, akaukuta uso wake, akaupapasa kwa kiganja kama anayekagua kitu alichokinunua zamani. "Nimeyasikia majina yote matatu," alisema. "Mimi yananitosha."

Kitabu cha mapokezi alikuwa nacho kwenye begi. Hakuna aliyewahi kukiulizia. Akakaa mezani mchana ule na kalamu nyekundu na rula. Kwenye kila mstari wa miezi saba alikata neno "wa kwanza" kwa mstari mmoja ulionyooka, bila kulifuta, lisomeke bado. Juu yake akaandika "wa mwisho". Pembeni akatia tarehe ya leo na sahihi. Mistari mia moja na tisa. Mitatu aliiacha kama ilivyo. Hakuharakisha. Ukurasa baada ya ukurasa, safu ya nne iligeuka nyekundu kutoka juu hadi chini, na mkewe akisikia kalamu ikikwaruza, kila baada ya muda aliuliza, "Umefika wapi?" naye akamjibu kwa jina la mwezi.

Kisha akaandika barua. Aliielekeza kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili ya Utafiti, ambayo ofisi yake ilikuwa mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Aliisoma kwa sauti, na mkewe akazitoa sentensi mbili za kiburi. Zilizobaki zilikuwa hivi:

*Mimi ni mbeba macho wa maabara. Ninaambatanisha nakala ya kitabu cha mapokezi. Mahali palipoandikwa "wa kwanza" siku mia moja na tisa, si kweli. Mwandiko ni wangu na kosa ni langu. Wanyama wale walikuwa wamekaa zizini muda mrefu, wakisikia na kunusa kifo cha wenzao. Tishu zao zilikuwa na hofu kabla dawa haijazifikia. Katika wanyama waliokuwa watulivu, dawa haikuongeza nitriki oksidi. Naomba watu arobaini wasiachishwe matone yao Jumatatu mpaka mtu mwenye elimu kuliko mimi arudie kupima kwa uzi mwekundu na uzi mweusi. Neva ya jicho ikifa haifufuki.*

Asubuhi ya Ijumaa, shemeji akiwa bado yupo kwa ajili ya matone, alipita maabara, maana bado ilikuwa kazi yake, akiwa na macho ya watatu wa kwanza. Aliliacha boksi kwenye kaunta. Aliporudi kulichukua, akaliona zito kuliko lilivyotakiwa kuwa. Chini ya kitambaa, mahali pa barafu, palikuwa na faili jembamba lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ndani yake zilikuwamo picha za rangi za trei mbili, tarehe ya Jumatano, na chini kabisa, kwa mwandiko wa mtu anayeshika kalamu kama pipeti, sahihi. Dada Pipeti alikuwa amempa mgongo, akiosha vioo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Mlango wa Profesa ulikuwa wazi nusu. Alikuwa kwenye simu, na alipomwona mzee akipita na boksi lake, aliacha kuzungumza. Alimfuata kwa macho mpaka mwisho wa ukumbi. Mzee Barafu hakugeuka. Alihisi yale macho mgongoni, mapana, yamefunguka, na alijua sasa yanavyokuwa macho ya mtu aliyesikia geti.

Mkewe alikuwa akimsubiri kwenye benchi la nje ya posta, miwani ya jua usoni, mkoba mapajani. Mzee Barafu aliweka picha pamoja na nakala ya kitabu na barua ndani ya bahasha kubwa, akalowesha ukingo wa gundi kwa kidole. Mama yule akaomba apewe. Aliilaza mapajani, akautafuta ukingo kwa kidole gumba, akaubonyeza kutoka kona moja hadi nyingine, polepole, dakika mbili nzima, kama alivyofundishwa kubonyeza pembe ya jicho ili dawa isikimbie.

"Barua ya rejista?" aliuliza karani ndani, bila kuinua kichwa.

"Rejista. Lini inafika?"

"Gunia linaondoka saa nne. Kesho mchana iko kule." Karani aliipiga muhuri mara mbili, akaitupa nyuma yake, na ikatua kinywani mwa gunia. "Kama ofisi iko wazi Jumamosi."

Mzee Barafu aliinua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kasoro dakika sita. Alisimama palepale kaunta, boksi tupu mkononi, watu wakimpita huku na huku, mpaka alipoona mtu akija, akilifunga gunia shingo, akilibeba begani na kutoka nalo kwa mlango wa nyuma.